Tik-tik-tik: historia ya cheche iliyokataa kunyamaza

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Kazi za watu zilinizidi, halafu likaja jambo la jiko. Kwa hivyo leo hamtapata chochote kuhusu hifadhidata wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumzie kile kidude cha jiko la gesi kinacholia tik-tik-tik ukiwasha moto, na kwa nini siku nyingine hukataa kabisa kunyamaza. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, sikusomea gesi, lakini nimelisoma jambo hili kwa bidii kuliko nilivyosoma kwa mtihani wowote chuoni, na mtaona sababu.

Ilianza kwa simu. Mama yuko Kitale, mimi niko Nairobi. Saa tano usiku akanipigia.

"Mwanangu, hili jiko lako linaongea."

Nikadhani ananitania. Akaisogeza simu karibu na jiko nikasikia mwenyewe: tik-tik-tik-tik, mfululizo, na vishikio vyote vimezimwa. Akaniambia kwamba jioni maziwa yalifurika, akapangusa kwa kitambaa chenye maji, na tangu hapo jiko halijapumzika. "Sasa nitalala vipi," akauliza, "na kitu kinachotoa cheche chenyewe karibu na gesi?"

Sikuwa na jibu la maana. Nikamwambia, Mama, funga gesi kwenye mtungi kwanza, kisha chomoa plagi ukutani. Jiko likanyamaza. Asubuhi akachomeka tena, likaanza tena. Kufikia saa nne alikuwa jikoni kwa nje, ameinama, anapuliza kuni.

Mama ana pumu. Jiko lile nililinunua kwa pesa za kwanza za maana nilizolipwa kama mwandishi wa programu, na sababu ya kulinunua ilikuwa moja tu, kwamba asiinamie moshi tena. Kwa hivyo mtu akiniambia hili ni jambo dogo la jikoni, namwelewa, lakini kwetu halikuwa dogo.

Nikafanya kosa ambalo huwa nawagombeza vijana wa kazini wakilifanya: nikabadilisha kitu kabla ya kuelewa. Nikanunua kisanduku kipya cha cheche, kile kinachozalisha umeme wa kuwashia, nikakituma kwa basi. Fundi wa mtaani akakifunga, nikamlipa kwa M-Pesa. Jiko likaendelea kuongea. Fundi akatangaza kwamba jiko limekwisha, linunuliwe jingine. Hapo ndipo nilipoketi na kujiuliza swali la kuanzia: kitu hiki kilitoka wapi, na kwa nini kimeundwa hivi kilivyo?

Wazo la kuwasha gesi kwa cheche ya umeme ni la zamani kuliko jiko la gesi lenyewe. Mnamo Novemba 1776, Alessandro Volta, yule ambaye jina lake tunalitaja kila tunaposema volti, alikuwa kwenye Ziwa Maggiore kaskazini mwa Italia akikoroga matope kwa kijiti na kukusanya mapovu yaliyopanda juu. Mapovu hayo yalikuwa gesi tunayoiita leo methani. Alipopitisha cheche katika mchanganyiko wa gesi hiyo na hewa, ulilipuka. Akatengeneza bastola ya kuchezea: unaijaza gesi na hewa, unaiziba kwa kizibo, unapitisha cheche ndani kupitia waya, na kizibo kinaruka.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifurahisha mimi. Mwaka wa 1777 Volta huyo huyo alipendekeza waya utandazwe kutoka Como hadi Milan, ili cheche ikitolewa upande mmoja, bastola ilipuke upande wa pili. Yaani ni ujumbe wa biti moja: imelipuka au haijalipuka. Miaka mingi kabla ya telegrafu za kibiashara, mtu alikuwa ameona kwamba kiwashio cha gesi na mtandao wa mawasiliano ni ndugu.

Jiko lilikuja baadaye. James Sharp wa Northampton, Uingereza, alipata hataza ya jiko la gesi mwaka wa 1826 na akafungua kiwanda mnamo 1836. Mtu angetarajia kwamba ataichukua cheche ya Volta na kuiweka kwenye jiko. La. Cheche na jiko vilichukua zaidi ya karne moja kabla ya kukutana katika nyumba za watu wa kawaida, na aliyevitenganisha ni kiberiti.

Kulikuwa na washindani. Mnamo 1823 huko Jena, Ujerumani, Johann Wolfgang Döbereiner aligundua kwamba hidrojeni ikipulizwa juu ya platini iliyo laini kama sifongo, inashika moto yenyewe bila njiti wala cheche. Akaunda taa ya kuwashia inayotumia ujanja huo, na watu wakaipenda. Lakini ilihitaji asidi, zinki na platini, na platini si kitu cha kununuliwa dukani kwa jirani. Mwaka wa 1827 John Walker, mwenye duka la dawa katika mji wa Stockton-on-Tees, alianza kuuza njiti za kukwaruza. Njiti ikashinda kwa bei, kama teknolojia nyingi zinavyoshinda.

Ushindi huo ulilipiwa na wengine. Njiti za fosforasi nyeupe zilizofuata ziliozesha mataya ya wafanyakazi wa viwandani, na mnamo 1888 wasichana na wanawake wa kiwanda cha Bryant & May jijini London waligoma kwa sababu ya mishahara, faini na hali ya kazi. Mnamo 1906 mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku fosforasi hiyo katika njiti ulitiwa saini huko Bern.

Hata hivyo, kama chombo cha kuwashia jiko, kiberiti kina sifa moja ambayo sikuwahi kuithamini hadi usiku ule. Mkono wako na jicho lako ni sehemu ya saketi. Unawasha, unaona moto, unazima njiti. Kiberiti hakiwezi kusahau kwamba moto umeshawaka, kwa sababu anayekumbuka ni wewe. Na hakiwezi kujiwasha ndani ya kasha lake saa tano usiku.

Jaribio la kwanza kubwa la kuondoa mkono wa mtu lilikuwa mwali mdogo usiozimika. Katika majiko ya Marekani hasa, ambako gesi huja kwa bomba kama maji, waliweka kimoto kidogo cha buluu kinachowaka usiku na mchana karibu na vichomeo. Ukifungua gesi, kimoto kile kinaidaka. Mwandishi wa programu ataliona hili mara moja: kimoto chenyewe ndicho kumbukumbu ya mfumo. Ni suluhisho zuri kwa maana hakuna cha kulia tik-tik, na ni baya kwa maana unachoma gesi hata ukiwa umelala. Kwetu, tunaonunua gesi kwa mtungi wa kilo 6 au 13 na kuutikisa kila mwisho wa mwezi kusikia kama kuna kitu kimebaki, wazo hilo lingechekwa.

Wamarekani nao waliacha kucheka baada ya mafuta kupanda bei mwaka wa 1973. Sheria ya mwaka wa 1987 kuhusu matumizi ya nishati ya vyombo vya nyumbani ilipiga marufuku mwali wa kudumu katika majiko mapya ya gesi yenye waya wa stima, kuanzia Januari 1, 1990. Kanuni ya mwaka wa 2009 ikamalizia majiko yaliyobaki, kuanzia Aprili 2012. Kimoto kikatolewa, na mahali pake ikabidi pawekwe kitu cha kuwasha upya kila mara. Cheche ya Volta ikaitwa kazini.

Ila kuna cheche za aina mbili, na hapa tafadhali msinikimbie, maana ndipo jiko la Mama lilipojificha.

Aina ya kwanza inatokana na mawe. Mnamo 1880 ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani, kwatzi ikiwemo, hutoa umeme zikikandamizwa. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuwa na kazi yoyote jikoni. Wakati wa vita vya pili vya dunia na miaka iliyofuata, watafiti walipata kauri za kutengenezwa zenye tabia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi, na kufikia miaka ya 1960 vikaja viwashio vya kubonyeza. Mnavijua. Ni lile jiko dogo la mezani ambalo kishikio chake ukikizungusha kinakaza, kinakaza, kisha KA! Ndani kuna nyundo ndogo yenye springi inayopiga kipande cha kauri, na pigo hilo hutoa maelfu ya volti. Hakuna betri, hakuna plagi. Pigo moja, cheche moja. Kama haikushika, unarudia wewe. Kiwashio cha aina hii kinaweza kufa, lakini hakiwezi kukesha kikilia, kwa sababu hakuna anayekipiga.

Aina ya pili inatokana na nyaya. Michael Faraday alionyesha mwaka wa 1831 kwamba umeme unaobadilika katika waya mmoja unaamsha umeme katika waya wa jirani. Mnamo 1836 Nicholas Callan, padri na mwalimu wa chuo cha Maynooth huko Ireland, alitengeneza koili ya kuinua volti: waya mnene wenye mizunguko michache, waya mwembamba wenye mizunguko mingi mno, na ukikata umeme ghafla kwenye ule wa kwanza, ule wa pili unaruka cheche. Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris, aliiboresha kuanzia 1851 hadi ikapewa jina lake, na mwaka wa 1864 akatuzwa faranga 50,000 na serikali ya Napoleon wa Tatu. Koili hizo zilikuwa na kikata-umeme, kipande cha chuma kinachotetemeka kama cha kengele ya mlangoni, kikikata na kuunga, kikikata na kuunga. Mlio wa jiko lako ni mjukuu wa mtetemo ule.

Kilichokuja kubadilika ni kikata-umeme tu. Mnamo 1957 kampuni ya General Electric ilitengeneza thairista, swichi ya silikoni isiyo na kitu kinachosogea. Kisanduku cha cheche katika jiko la leo hufanya hivi: kinajaza kapasita kidogo kidogo mpaka ifike kiwango fulani, thairista au kifaa cha jamii yake kinafunguka, kapasita inamwaga umeme wote kwa mkupuo katika transfoma ndogo, na upande wa pili zinatoka volti zaidi ya 10,000. Hewa kavu huhitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita ili ikubali kupitisha cheche, kwa hivyo nafasi ya milimita tatu kati ya elektrodi na kichomeo inarukwa bila shida. Hiyo ni tik moja. Kisha kapasita inaanza kujaa upya.

Kwa lugha yetu ya kazi, hicho ni kitanzi: wakati swichi imefungwa, toa cheche. Soma tena uone kisichoandikwa humo. Hakuna mahali kitanzi hicho kinapouliza kama moto umewaka. Hakijui hata kama gesi ipo. Kinajua swichi tu. Kutoka kiberiti hadi kisanduku tulipata urahisi, na tulichotoa ni jicho.

Na swichi ziko ngapi? Jiko la vichomeo vinne lina swichi nne, moja nyuma ya kila kishikio, lakini kisanduku ni kimoja. Watengenezaji huziunganisha zote sambamba. Ndiyo maana ukiwasha kichomeo kimoja, vyote vinne hutoa cheche. Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Ni lango la AU: swichi ya 1 AU ya 2 AU ya 3 AU ya 4. Ikitosha moja tu kusema ndiyo, kisanduku kinatii. Sasa fikiria swichi moja imeingiwa na maziwa.

Hapo ndipo nilipojicheka peke yangu saa nane za usiku. Nilikuwa nimebadilisha kisanduku, mtumishi pekee aliyekuwa anafanya kazi yake sawasawa.

Nikapanda gari la Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi, mtungi umefungwa na plagi imechomolewa, nikasubiri dakika chache ili kapasita imwage kilichobaki, nikatoa vishikio na kufungua bamba la juu. Nilichomoa waya za swichi ya 1 na ya 2, nikachomeka plagi: tik-tik-tik. Basi kosa liko upande wa pili. Nikachomoa plagi, nikarudisha waya hizo, nikatoa za swichi ya 3. Nikachomeka. Kimya. Nimewahi kutafuta makosa ndani ya mistari elfu arobaini ya programu, na sikuwahi kupata raha kama ya kimya kile. Nilipoifungua swichi ya 3 nikakuta utando wa kahawia, maziwa yaliyokauka na kushikana na mafuta ya kukaangia. Maji matupu yangejikausha yenyewe kwa siku moja au mbili. Maziwa huacha chumvi na sukari, vinavyovuta unyevu wa hewa na kupitisha umeme kila asubuhi yenye ukungu, na Kitale asubuhi kama hizo si haba. Nikaikata ile swichi na kuweka nyingine.

Kwa hivyo ukipatwa na jambo hili, kwanza nusa. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, na usiguse swichi yoyote ya stima, hata plagi ya jiko uiache kama ilivyo mpaka harufu iishe. Kama hakuna harufu, chomoa plagi au toa betri, futa kwa kitambaa kikavu, uache jiko usiku kucha. Wakati huo unaweza kupika kwa kiberiti, kwa sababu katika majiko mengi ya kawaida gesi haitegemei kisanduku. (Kama lako lina kizuizi cha umeme kinachofunga gesi stima zikikosekana, hilo halitafaa.) Likikauka na bado linalia, usikimbilie kununua kisanduku kama mimi. Tafuta ni swichi gani inayosema ndiyo. Betri dhaifu nayo hulaumiwa bure: ikichoka, mlio unakuwa wa polepole au unakufa. Haikeshi ikilia.

Majiko ya bei ya juu yana hadithi tofauti, nayo inafaa kujulikana. Baadhi yake yamerudishiwa jicho. Moto una chembe zenye chaji, kwa hivyo hupitisha umeme kidogo, na kwa sababu kichomeo ni kipana kuliko ncha ya elektrodi, umeme huo hupita vizuri zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kisanduku hupima tofauti hiyo na kujua kwamba moto upo, kikanyamaza chenyewe. Upepo ukizima moto, kinaanza tena bila kuambiwa. Jiko la namna hii likiendelea kulia huku moto unawaka, tatizo huenda ni jicho lenyewe: elektrodi imeshika masizi, kauri yake imepata ufa, kifuniko cha kichomeo kimekaa upande baada ya kuoshwa. Au ni ukuta wako. Vipimo hivi hutegemea waya wa ardhi uliofungwa kweli na waya wa laivu na wa nyutro uliokaa mahali pake, na nimeishi katika nyumba za kupanga jijini ambamo tundu la tatu la soketi lilikuwa pambo tu. Katika nyumba kama hiyo unaweza kubadilisha jiko zima na mlio ukahamia kwenye jiko jipya.

Fundi yule nilikutana naye sokoni siku hiyo hiyo. Nikamwonyesha swichi iliyokatwa. Akaigeuzageuza, akainusa, akasema, "Kumbe ni maziwa," kisha akaomba abaki nayo awaonyeshe vijana wake. Nikampa.

Mama alipika chai mchana ule kwenye kichomeo cha tatu, makusudi. Sufuria ilipoanza kupanda alikuwa amesimama hapo hapo, kijiko mkononi, akiyalinda maziwa. Nilimwachia swichi mbili za akiba kwenye droo ya vijiko. Ameziweka pamoja na kiberiti.